Wifi aliniambia keto inaponya kifafa, nikamwachisha mwanangu dawa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igogo hapa Mwanza. Nauza dagaa: nachukua mzigo mwaloni Kirumba, nazungusha mitaani. Mume wangu ni mvuvi, hukaa visiwani wiki tatu, wakati mwingine mwezi mzima, ndipo anarudi nyumbani. Naandika nikiwa na hofu na aibu, kwa hiyo naomba usinitaje jina.

Mtoto wangu wa kati ana miaka 6, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Alipokuwa na miaka 2 alilazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, akapata degedege kali sana. Aliporuhusiwa tulimshukuru Mungu, tukadhani yameisha. Alipofikisha miaka 4 akaanza kuanguka. Mama mkwe akasema ni mambo ya ukoo, tukampeleka kwa mganga, wakaondoka mbuzi wawili na hali ikabaki ile ile. Mwishowe hospitali wakasema ni kifafa, wakampa vidonge vya fenobabitoni, ameze kila usiku.

Vidonge vilimsaidia, siwezi kusema uongo. Zamani alikuwa anaanguka karibu kila siku, ikawa mara mbili au tatu kwa mwezi, na mara nyingi ni zile wiki ambazo dawa zimeisha na tunamsubiri baba yake arudi na hela. Tatizo vinamsinzisha. Mwalimu anasema analalia dawati, hashiki kitu.

Sasa wifi yangu wa Dar es Salaam alikuja kutusalimia. Yeye amepungua kilo 18 kwa keto, amependeza kweli. Akanionyesha video kwenye simu, daktari anaeleza kwamba keto haikuanza kama dayati ya kupunguza mwili, ilianza kama tiba ya kifafa cha watoto, miaka 100 iliyopita. Shangazi, nililia pale pale. Wifi akasema vidonge vinaua ubongo wa mtoto, niviache, nitoe wanga wote ndani ya nyumba, ale samaki, nyama, mayai, parachichi na samli. Mama mkwe ana kisukari, anameza metformini na glibenklamidi, naye akasema ataingia keto. Nikaona chungu ni kimoja, wacha tuingie wote.

Siku 6 mwanangu hakuanguka. Siku 6! Alikuwa mchangamfu, hata mwalimu aliniuliza nimempa nini. Nikawapigia simu ndugu wote. Siku ya saba, Jumapili, akaanguka kanisani mara mbili. Kesho yake mara tatu. Jana, siku ya tisa, akaangukia mafiga, mkono ukaungua. Anatapika, hajapata choo siku nne, na analilia ugali. Nilimkuta kwa jirani anakula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, huku amejificha nyuma ya mlango.

Na usiku huo huo wa jana mama mkwe aliamka anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nilitaka kumpa chai ya sukari. Nikampigia kwanza wifi, akasema nisithubutu, nitaharibu keto yake, ni mwili unajizoesha, nimpe maji ya chumvi. Nikampa. Akazidi. Nikaogopa, nikakoroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji, nikamnywesha, akarudi kuwa sawa.

Baba yao anarudi wiki ijayo, hajui lolote. Wifi anasema nivumilie, ni sumu inatoka. Shangazi, ile video ni ya uongo? Kama ni ya kweli, nimekosea wapi? Na mume wangu nitamwambia nini?

Mama wa Igogo, Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako ilinifikia asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshakupigia simu, maana yapo mambo yasiyoweza kungoja siku ya safu hii kutoka. Nashukuru ulipokea, na nashukuru zaidi kwamba hukubishana nami: jioni ile ile mlikuwa hospitalini, wewe, mtoto na bibi yake. Kidonda kimefungwa, mtoto amerudishiwa dawa kwa kipimo alichopanga daktari, na bibi vidonge vyake vimeangaliwa upya. Umeniruhusu niichapishe barua ili wengine wasome. Kwa hiyo sasa nakujibu kwa utulivu yale ambayo kwenye simu hatukuyafikia.

Nianze na video. Si ya uongo. Alichosema yule daktari ni kweli, na ndiyo maana kilikuingia moyoni.

Watu walijua tangu kale kwamba mwenye kifafa akifunga kula siku kadhaa, kuanguka hupungua. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, waliandika juu ya wagonjwa waliowatibu kwa kuwafungisha. Lakini nani atamfungisha mtoto mwezi mzima? Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Marekani, akaja na wazo: mtu anayefunga huishi kwa kuchoma mafuta ya mwili wake, na ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni ambazo ubongo unaweza kuzitumia badala ya sukari. Je, tukimlisha mtoto karibu mafuta tupu na kumnyima wanga, mwili hautadhani umefunga, hali mtoto anakula? Akaupa mlo huo jina tunalolikata leo na kusema keto. Ukafanya kazi. Ulitumika sana hadi mwaka 1938 ilipopatikana dawa ya fenitoini, na kidonge kikawa chepesi kuliko mzani wa jikoni, mlo ukasahaulika. Ukafufuka miaka ya 1990.

Ushahidi madhubuti ulikuja mwaka 2008 kutoka London. Walichukuliwa watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Nusu wakaanza mlo, nusu wakasubiri. Baada ya miezi 3, katika kila watoto 100 waliopewa mlo, 38 walikuwa wamepunguziwa kuanguka kwa zaidi ya nusu. Kwa waliosubiri walikuwa 6 tu. Hiyo si kazi ndogo, mwanangu. Kwa mama ambaye mtoto wake anaanguka mara 20 kwa siku, kupunguziwa nusu ni maisha mengine kabisa.

Lakini sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo wifi yako alipopotea na akakupoteza na wewe. Watoto wale walikuwa wameshajaribu dawa mbili au zaidi bila mafanikio. Na walipoanza mlo, dawa zao hazikuachishwa, waliendelea kuzimeza. Mlo uliongezwa juu ya dawa. Video ya dakika tatu haisemi hayo.

Sasa zile siku 6. Naomba uzielewe, kwa sababu najua zinakuuma: unajiuliza kama kuna kitu ulikuwa umekipata ukakiharibu.

Fenobabitoni haitoki mwilini haraka. Kwa mtoto huchukua takriban siku 2 hadi 3 nusu yake kutoka, kisha siku nyingine kama hizo nusu ya kilichobaki kutoka, hivyo hivyo ikipungua. Ulipomwachisha kidonge Jumatatu, Jumanne dawa ilikuwa bado imo ndani yake ikimlinda. Jumatano imo. Alhamisi imo, ila imepungua, ndiyo maana usingizi ukamtoka akachangamka darasani. Kufika Jumamosi ilikuwa imebaki robo au chini ya hapo. Jumapili akaanguka. Aliyekuwa akimlinda siku zile 6 ni kile kidonge ulichoambiwa ni sumu, na sifa zote akapewa samaki.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwili uliozoea dawa hii ukinyang'anywa ghafla, kifafa hurudi kwa hasira, kuliko kilivyokuwa mwanzo. Mtoto anaweza kuanguka, na kabla hajarudiwa na fahamu akaanguka tena, na tena, bila kukoma. Hali hiyo huua. Nimefanya kazi ya uuguzi wadi ya watoto miaka 22 kabla ya kustaafu, na watoto wa namna hiyo niliowapokea usiku, wengi wao walikuwa na kisa kimoja: dawa ziliisha, au mtu mwema aliwaambia waache. Sikuambii haya nikutishe. Nakuambia ili siku nyingine mtu akikuambia uache dawa ya kifafa, hata awe amevaa koti jeupe, umuulize kwanza, "Tunapunguza kwa wiki ngapi?" Daktari anayejua atakuwa na jibu.

Umeuliza umekosea wapi kwenye mlo wenyewe. Mwanangu, ulichompikia mtoto hakikuwa keto ya kifafa. Kilikuwa samaki bila ugali. Tufanye hesabu pamoja.

Keto wanayotumia hospitali kwa watoto hupimwa kwa mzani, gramu kwa gramu. Mara nyingi kila gramu 4 za mafuta huenda na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja. Tuseme mtoto anahitaji kilokalori 1,000 kwa siku. Hapo atakula gramu 100 za mafuta, sawa na vijiko saba vikubwa vya mafuta ya kula, na gramu 25 za vingine vyote. Uliniambia kwenye simu mwanao ana kilo 18. Kwa kanuni ya zamani ya Mayo Clinic, gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya mtoto, protini yake ya siku nzima ni gramu 18. Kipande cha sato kilichoiva, cha gramu 100, peke yake kina zaidi ya gramu 20. Yaani kipande kimoja cha sato kimeshavuka mpaka kabla ya mayai na nyama. Mwili ukipewa protini nyingi hutengeneza sukari kutoka humo, na ketoni hazipandi inavyotakiwa. Wanga nao ungebakiwa na gramu 7 tu kwa siku, katika zile 25. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25. Yale matobolwa ya nyuma ya mlango, sihitaji hata kuyapima.

Kwa hiyo mtoto alipata mateso ya keto bila faida yake. Alinyimwa ugali, akapata choo kigumu na kutapika, ambayo ni madhara ya kawaida ya mlo huu, na ketoni zenyewe pengine hakuzipata. Hata wanaofanya kwa usahihi hupimwa damu na mkojo mara kwa mara, hupewa vitamini na madini ya ziada, maana watoto wengine hupata mawe kwenye figo, wengine urefu wao husimama. Na kabla ya kuanza lazima mtoto achunguzwe, kwa sababu wapo wachache waliozaliwa na miili isiyoweza kuchoma mafuta vizuri. Mtoto wa namna hiyo ukimpa mlo huu unaweza kumuua.

Wapo pia watoto ambao kwao mlo huu ni tiba ya kwanza kabisa. Kuna ugonjwa wa kuzaliwa ambapo sukari haivuki vizuri kutoka kwenye damu kuingia kwenye ubongo, ubongo unakaa na njaa wakati damu imejaa chakula. Ketoni hupita mlango mwingine, zikaulisha. Mtoto huyo bila keto hana njia. Nalisema hili ili msomaji mwingine asidhani naupiga vita mlo wenyewe. Nauheshimu kama ninavyoiheshimu dawa yoyote yenye nguvu.

Sasa turudi kwenye barua yako. Uliandika sentensi moja ukapita haraka, mimi nikaisoma mara tatu: kwamba anaanguka "zile wiki ambazo dawa zimeisha na tunamsubiri baba yake arudi na hela". Mwanangu, jibu la tatizo lako limo humo.

Mtoto wako hajashindwa na dawa. Hajawahi kuzipata mfululizo. Wataalamu husema kifafa kimekataa dawa pale mgonjwa anapokuwa amejaribu dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa kipimo sahihi, akazimeza inavyotakiwa, na bado anaanguka. Wa kwako ametumia moja, tena kwa vipande vipande kufuata mwezi wa uvuvi. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakitibiwa ipasavyo. Kabla hujamnyima mtoto ugali kwa miaka miwili, mpe kwanza nafasi ya kuwa mmoja wa hao saba.

Kwa hiyo vidonge vihesabiwe kabla mtumbwi haujaondoka. Baba akitaka kuvuka kwenda kisiwani, kabla ya mafuta ya injini na nyavu, aulize vimebaki vingapi na yeye anakaa siku ngapi. Weka akiba ya mwezi mmoja isiyoguswa. Usingoje kufika kidonge cha mwisho, kwa sababu fenobabitoni ni dawa inayodhibitiwa, si kila duka la dawa la mtaani wanayo. Na hela ikikosekana kabisa, nenda ofisi ya ustawi wa jamii pale hospitalini ueleze hali yako, usirudi nyumbani kimya kimya.

Suala la kusinzia usilivumilie kama adhabu. Lisemwe kliniki, kwa maneno yale yale uliyoniandikia: analalia dawati, hashiki kitu. Pengine kipimo kinahitaji kurekebishwa, pengine ni wakati wa kujaribu dawa nyingine kama kabamazepini au valproeti. Daktari habadilishi asichoambiwa. Nunua daftari dogo, kila anapoanguka andika tarehe, saa, dakika ngapi, na kama alikuwa amemeza dawa jana yake. Ukiwa na kurasa mbili za daftari hilo daktari atakuona mgonjwa wako kwa macho mengine.

Na ikiwa baada ya dawa mbili kutumika sawasawa bado anaanguka, hapo uulizie keto bila woga. Omba rufaa kwa daktari wa watoto, hapo hospitali ya Sekou Toure ngazi ya mkoa, au Bugando ambayo ni ya kanda nzima ya Ziwa, na umtake aliye na ujuzi wa lishe akae nanyi. Upo mlo uliolegezwa kidogo, ambao protini haipimwi, kinachohesabiwa ni wanga tu na mafuta yanahimizwa. Mwaka 2013 madaktari wa India waliujaribu kwa watoto ambao dawa zilishindwa, na zaidi ya nusu walipunguziwa kuanguka kwa zaidi ya nusu. Nautaja kwa sababu India nako watu wanaishi kwa wali na mikate, kama sisi na ugali na michembe, na mama zao waliweza. Samli ya Usukumani, parachichi, mafuta ya alizeti, dagaa na mlenda vinaweza kuwa mlo wa kitabibu. Lakini awepo mtu wa kuupanga na kuufuatilia. Kwa kawaida hupewa miezi 3 ya majaribio, na aliyefaulu huendelea kama miaka 2 kisha akaachishwa taratibu, siyo ghafla.

Sasa mama mkwe wako, ambaye usiku ule alikuwa hatarini kuliko hata mtoto.

Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hujala. Bibi alimeza kidonge chake kama kawaida, lakini ugali uliokuwa unakisubiri kidonge hicho ulikuwa umeondolewa mezani. Sukari ikashuka. Kutetemeka, jasho, maneno ya ovyo, hizo ndizo dalili zake, na anayeachwa hivyo anaweza kuzimia asiamke. Maji ya chumvi hayapandishi sukari hata kidogo. Ulichofanya mwishoni, vijiko vinne vya sukari kwenye maji, ndicho haswa ambacho mimi ningekifanya, na ndicho kilichomwokoa. Ukiona hali hiyo tena usimpigie mtu: mpe sukari, subiri dakika 15, kama hajawa sawa mpe tena, akishakuwa sawa ale chakula. Asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali.

Mwenye kisukari cha ukubwani anaweza kweli kunufaika kwa kupunguza wanga. Sukari hushuka, uzito hupungua, wengine hupunguziwa vidonge. Lakini vidonge hupunguzwa na daktari siku ile ile mlo unapobadilika. Na hapa niongeze kwa wasomaji wengine: mwenye kisukari cha kutegemea sindano asije akaacha insulini kwa sababu ya keto. Ketoni za mlo, ndani ya mtu mwenye insulini, hukaa kwenye kiasi. Ketoni za aliyekosa insulini hupanda bila breki, damu inageuka tindikali, na mtu anakufa. Mwaka ule ule wa 1921 Wilder alipoandika juu ya keto, kule Toronto walikuwa wanaigundua insulini. Kabla yake, watoto wenye kisukari cha namna hiyo walikuwa wanafungishwa kula ili waongezewe miezi tu ya kuishi. Tusirudi huko.

Mambo ya nyumbani nitayasema upesi. Mtoto asikae karibu na mafiga bila mtu mzima, jiko liinuliwe au lizungushiwe kitu. Asiogelee ziwani wala kupanda mtumbwi kwa sasa, na asitumwe maji peke yake. Aoge kwa ndoo. Akianguka mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, usimnyweshe kitu. Zikipita dakika 5 hajatulia, tafuta bodaboda au gari haraka. Mfundishe mwalimu wake haya haya, na umwambie mbele ya watoto wengine kwamba povu la kifafa haliambukizi mtu yeyote. Uliniambia kwenye simu kwamba Jumapili pale kanisani watu walimkimbia. Hilo liliniuma kuliko yote niliyoyasikia kwako.

Mume wako mwambie mwenyewe, tena kwa simu, kabla hajashuka mwaloni na kusikia kwa watu. Usizunguke. Sema: "Baba, niliacha dawa za mtoto siku 9 kwa kuwa niliambiwa atapona. Akaanguka sana. Nimempeleka hospitali, amerudi kwenye dawa. Nakuhitaji kliniki ijayo." Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Lakini akitulia mkae muongee juu ya zile wiki ambazo dawa huisha, maana hizo si zako peke yako. Na asiende yeye kukwaruzana na dada yake. Wifi alikupa kile kilichomsaidia yeye, akidhani mwili wa mtu mzima anayepunguza kilo na ubongo wa mtoto mwenye kifafa ni kitu kimoja. Mpigie, msomee barua hii, hasa pale pa maji ya chumvi.

Umeniuliza kwenye simu kama umemharibu mwanao. Hapana, mwanangu. Ulisikia kuna njia ya kumwokoa, ukaikimbilia kwa miguu yote miwili, kama mama yeyote angefanya. Na ulipoona mambo yanaharibika uliandika, hukuficha.

Daktari amesema arudi kwenye chakula chake cha kawaida. Basi leo jioni msongee ugali, umpe na sato wake, mezani, mbele ya ndugu zake. Baada ya hapo kidonge. Kisha ufungue daftari uandike tarehe ya leo.

Wako,
Shangazi